Chaji ya Gari la Umeme na Umbali Uliobaki

Katika gari la petroli, boya lililo ndani ya tangi hupanda na kushuka pamoja na mafuta, na geji huonyesha kiasi kilichobaki. Betri haina kina cha kupima. Je, gari la umeme hujuaje kwamba chaji imebaki 50%?

Kumbuka kanuni ya Q = It. Kompyuta ya betri hupima mkondo unaoingia na unaotoka, huuzidisha kwa muda, kisha hujumlisha au kutoa. Hutazama pia volteji, ila volteji peke yake haitoshi: katika betri ya lithiamu hubadilika kidogo sana chaji inapokuwa ya katikati.

Zingatia: "umbali uliobaki" haupimwi, bali hukokotolewa. Hapa ndipo ni rahisi kupoteza alama.

Umbali = nishati iliyobaki ÷ matumizi kwa kila kilometa

Mfano: Nissan Leaf ya mwaka 2018 ina betri ya kWh 40. Chaji ni 50%, na gari limekuwa likitumia kWh 0.16 kwa kilometa. Tafuta umbali uliobaki.

Nishati iliyobaki = 50/100 × 40 = kWh 20
Umbali = 20 ÷ 0.16 = km 125

Sasa gari linaanza kupanda mlima, na matumizi yanafika kWh 0.25 kwa kilometa.

Umbali = 20 ÷ 0.25 = km 80

Asilimia ni ileile, lakini km 45 zimetoweka. Ikiwa kituo cha kuchaji kiko km 100 mbele na mlima hauishi, dereva aliyeamini ile 125 atalala njiani. Kompyuta haikumdanganya, ilitumia matumizi ya barabara aliyokwisha kupita, nayo haikuwa na mlima. Si ajabu madereva wa Marekani waliipa namba hiyo jina la utani lenye maana ya "kipimo cha kubahatisha".

Kwenye mteremko mambo hugeuka. Mota hufanya kazi kama jenereta, mkondo hurudi kwenye betri, na namba inaweza kuongezeka huku gari linatembea.

Zoezi: Betri hiyohiyo imezeeka, na ikijaa huhifadhi kWh 32 tu. Geji inaonyesha 100%, matumizi ni kWh 0.16 kwa kilometa. (a) Tafuta umbali. (b) Eleza kwa nini 100% hii si sawa na ile ya betri mpya.

Jibu la (a): km 200.