Milango Ilipofunguka
Somo kwa makatekista na kwa wote waingiao magerezani kufundisha



Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 16, twasoma habari za Paulo na Sila waliofungwa katika mji wa Filipi. Usiku wa manane nchi ilitetemeka, milango ya gereza ikafunguka, minyororo ikalegea. Mlinzi alipoamka na kuona milango i wazi, alichomoa upanga ajiue, maana alidhani wafungwa wamekwisha kukimbia. Wala hawakukimbia, wote walikuwamo. Nilipokuwa nikiwasomea watoto wa darasa la tano habari hiyo, mmoja aliinua mkono akauliza: «Mwalimu, mbona hapa kwetu walikimbia?»

Ulizo hilo si la kitoto. Tarehe 11 Juni 2017 watu wenye silaha walilishambulia gereza la Kangbayi, mjini Beni. Watu 11 waliuawa, na wafungwa zaidi ya 900 wakatoka. Tarehe 20 Oktoba 2020, alfajiri, gereza lile lile likashambuliwa tena, wakatoka zaidi ya 1300, wakabaki kama mia moja tu. Halafu ikawa zamu ya Butembo: usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2022 gereza la Kakwangura likavunjwa, askari polisi wawili wakauawa, wafungwa zaidi ya 800 wakaenda zao. Ni mara tatu katika muda wa miaka mitano na kitu.

Nilimjibu mtoto yule kwa ufupi, kisha nikakaa na jibu langu siku nyingi, kwa kuwa halikunitosha. Mtu aliye na njaa, anayelala ubavu kwa ubavu na wenzake, asiyejua siku ya hukumu yake, akisikia risasi na kuona mlango umebomolewa, atabaki kwa sababu gani? Mimi mwenyewe ningekimbia. Kwa hiyo tusipoteze wakati kuwalaumu waliotoka. Afadhali tujiulize: hata siku ile walikuwa wakifanya nini mle ndani? Na walipotoka, walichukua nini mikononi na kichwani, kisichokuwamo walipoingia?

Kwanza tujue ni akina nani waliomo. Watu wengi hudhani kila aliye gerezani amehukumiwa. Sivyo. Katika nchi yetu walio wengi ni washitakiwa tu, wangojao hukumu. Na huenda mtu akangoja muda mrefu kuliko adhabu ambayo angepewa. Tena, hali ya dharura ya kijeshi ilipotangazwa Kivu ya Kaskazini na Ituri mwezi wa Mei 2021, kesi za jinai za raia zilipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi, mafaili yakarundikana, na magereza yakazidi kujaa. Basi katika ua mmoja utamkuta muuaji, mwizi wa mbuzi, kijana aliyeshikwa kwa kutokuwa na kitambulisho, na mzee aliyegombana na nduguye juu ya mpaka wa shamba. Mwalimu anayeingia humo akiwaita wote «wahalifu» amekosea kabla ya kushika chaki.

Ulizo: Je, mfungwa ana haki ya kufundishwa, ama ni huruma yetu tu?

Jibu: Ana haki. Umoja wa Mataifa uliweka kanuni za kuwatunza wafungwa mwaka 1955, ukazitengeneza upya mwaka 2015 na kuzipa jina la Nelson Mandela, aliyefungwa miaka 27. Kanuni ya 104 yasema kwamba wafungwa wasiojua kusoma, na wafungwa vijana, ni lazima wafundishwe. Nchi yetu nayo ilikuwa na amri namba 344 ya tarehe 17 Septemba 1965 juu ya magereza, na tarehe 15 Juni 2023 ikapata sheria mpya juu ya mambo hayo hayo. Kwa hiyo tuingiapo na ubao wetu tusijione kama wafadhili. Twalipa sehemu ndogo ya deni ambalo wengine hawajalilipa.

Wala wengine wasiseme kwamba jambo hilo haliwezekani kwa watu weusi na maskini kama sisi. Vukeni Kasindi mwende Uganda: katika gereza kubwa la Luzira, mjini Kampala, wafungwa huwafundisha wafungwa wenzao, kuanzia alfabeti hata masomo ya sekondari. Huko Luzira, na katika gereza la Kamiti nchini Kenya, wako waliosoma sheria za Chuo Kikuu cha London wakiwa kifungoni, hata wengine wakapata shahada, wakawa wakiwaandikia wenzao barua za rufani. Sisi hatujafika huko. Lakini hao nao walianza na herufi.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kama nilivyoiona katika gereza ambalo nitanyamaza jina lake.

Tulianza tukiwa walimu wawili, mara mbili kwa juma, saa moja kila mara. Madawati hayakuwapo. Ubao ulikuwa mlango mkuukuu uliopakwa unga mweusi wa mawe ya redio, kama tufanyavyo katika shule za vijijini. Siku ya kwanza nilileta kitabu cha darasa la kwanza chenye picha ya mtoto na mpira. Wazee watatu walisimama wakaenda zao. Nilifikiri wamechoka, kumbe wameona haya. Mtu wa miaka hamsini hataki kusoma habari ya mpira. Juma la pili sikuleta kitabu. Nilimwuliza kila mmoja jina lake na kazi aliyoifanya kwao, nikaandika ubaoni neno moja: kahawa. Wote walilima kahawa, au baba zao waliilima. Ka-ha-wa. Kutoka hapo tukapata ka, ke, ki, ko, ku. Kisha ha, he, hi. Na kabla saa haijaisha mmoja wao alikuwa ameandika kwa kidole katika vumbi: kuku. Hakuna aliyemfundisha neno hilo. Wazee watatu wakarudi siku iliyofuata.

Maelezo tuliyatoa kwa Kiswahili na kwa Kinande, kwa maana mtu hujifunza herufi upesi katika lugha aliyoizoea. Kifaransa tulikiweka baadaye, tena kwa maneno machache tu, yale yanayoandikwa juu ya karatasi za parke na za mahakama. Mzee mmoja alinieleza kwamba alitia dole gumba chini ya karatasi asiyoijua, na hata siku ile hakujua karatasi ilisema nini. Kwake kusoma hakukuwa elimu ya kupendeza. Ilikuwa kujua kwa nini amefungwa.

Yako mambo ya kujihadhari nayo. Usimwulize mwanafunzi kosa lake. Akitaka kukuambia, atakuambia mwenyewe. Usipokee barua wala pesa za kupeleka nje pasipo ruhusa ya mkubwa wa gereza, hata ukiombwa kwa machozi, maana siku moja ya kukamatwa itafunga mlango kwa wote. Mheshimu kapita, yaani mfungwa aliyewekwa juu ya wenzake, kwa kuwa bila yeye hutapata hata mahali pa kusimama. Lakini usimwachie achague nani asome, kwa sababu nafasi ya darasa itakuwa bidhaa ya kuuzwa. Usijivunie hesabu ya wanafunzi. Washitakiwa huja na kwenda. Leo utakuwa na thelathini, kesho kumi na wawili. Ndiyo sababu kila somo lapaswa kuwa na jambo moja linalokamilika siku ile ile.

Juu ya kazi za mikono sitasema mengi, kwa sababu wengi wanazijua: kushona nguo, kufuma vikapu, kutengeneza sabuni, kulima mboga. Zote ni njema, mradi tu kitakachouzwa kimfae aliyekitengeneza. Kumfanyisha mfungwa matofali ya nyumba ya mtu mwingine si kumrekebisha.

Miezi minne ilipopita, mzee yule wa dole gumba aliandika barua yake ya kwanza, nayo ikapita mikononi mwa mkubwa wa gereza kama inavyotakiwa. Alimwandikia mkewe kwamba yu mzima, na kwamba asiuze shamba la bondeni. Barua yote ilikuwa mistari miwili. Alitumia siku tatu kuiandika.

Barua ile yanikumbusha nyingine. Paulo naye, akiwa kifungoni, aliandika barua fupi kuliko zote tulizo nazo kwake, apate kumrudisha Onesimo kwa bwana wake Filemoni. Hakumtoa Onesimo kimyakimya na kumwacha njiani. Alimtangulizia neno, akaomba apokelewe kama ndugu, tena akajitolea kulipa mwenyewe deni lolote lililobaki. Hapo ndipo sisi hushindwa. Twaimba na wafungwa Siku ya Noeli, twawapelekea maharagi na sabuni, lakini siku mmoja wao anapotoka hakuna anayemngoja mlangoni. Katika vijiji vyetu, ambako watu wameuawa kwa mapanga tangu 2014, mtu aliyetoka gerezani hutazamwa kama mjumbe wa waasi. Wengine hawafiki nyumbani; umati huwahukumu barabarani.

Mzee wetu alifunguliwa baada ya mahakama kuona kwamba muda aliokaa umepita adhabu yake. Juma moja kabla hajatoka, wakubwa wawili wa jumuiya yetu nami tulikwenda kwa mdogo wake, ambaye ndiye aliyemshitaki, na ambaye alikuwa amepanda muhogo katika shamba lile la bondeni. Alitukaribisha, akatupa viti, akanyamaza kitambo kirefu. Halafu akasema: «Baba katekista, mwambieni yaya wangu aje. Lakini muhogo wangu haujakomaa.» Tulipatana kwamba angoje mavuno, na kwamba mpaka utapimwa upya mbele ya chifu. Mzee alipoelezwa, alitaka mapatano yaandikwe kwenye karatasi. Akaichukua, akaisoma polepole, mdomo ukitembea, mpaka chini. Kisha akaomba kalamu, akalikataa boksi la wino tulilokuwa tumemwekea kwa mazoea.