KIPANDAUSO: TUSIMEZE DAWA OVYO

Ndugu mkimbizi, kichwa kikikugonga upande mmoja mara kwa mara, ukasikia kichefuchefu na kuchukia mwanga, huenda ni kipandauso. Si uchawi, wala si uvivu. Mtu mzima ameze parasetamoli vidonge 2 mapema, anywe maji, alale gizani. Lakini ukimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, dawa yenyewe huleta maumivu ya kichwa. Andika siku unazoumwa, upeleke daftari zahanati: zipo dawa za kuzuia, kama propranololi na amitriptilini. Mwambie daktari kama una pumu au mimba. Ukiwa na homa, pimwa malaria. Shingo ikikakamaa, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, nenda hospitali mara moja, hata usiku. Majirani, mgonjwa msaidieni kuchota maji.