Artemisinini: Jani Lililopatiwa Kipimo

Artemisinini ni dawa ya malaria inayotolewa katika majani ya Artemisia annua, mmea wa jamii ya pakanga wenye asili ya Asia. Leo hulimwa pia katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mmea huu huweza kupita kimo cha mtu mzima. Majani yake yamechanika kama ya karoti, na yakifikichwa hutoa harufu kali. Kiini cha dawa kimo ndani ya vinyweleo vidogo vilivyo juu ya jani, nacho ni haba: kilo nzima ya majani makavu huweza kutoa gramu chache tu. Mmea huu usichanganywe na pakanga ya milima ya Afrika, Artemisia afra, inayotumiwa na waganga wengi wa jadi. Majina na harufu vinakaribiana, lakini ile ya Afrika haina artemisinini au ina chembe tu.

Kilichovumbuliwa Beijing

Wachina waliujua mmea huu kama dawa ya homa kwa karne nyingi. Tabibu Ge Hong, aliyeishi katika karne ya 4, aliandika kwamba majani yalowekwe kwenye maji, yakamuliwe, na maji yake yanywewe. Maandishi hayo yalikaa vitabuni hadi vita ya Vietnam, wakati malaria ilipokuwa ikiwaangusha askari na dawa ya klorokwini ikiwa imeanza kushindwa. Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya, ukaitwa 523 kutokana na tarehe hiyo. Mwaka 1969 Tu Youyou, mtafiti wa dawa jijini Beijing, alikabidhiwa kuongoza kundi la kuchunguza mitishamba.

Kundi hilo lilikusanya maelezo ya tiba zaidi ya 2,000, likatengeneza dondoo zaidi ya 380 kutoka mimea ipatayo 200, na kuzijaribu kwa panya wa maabara wenye malaria. Dondoo ya Artemisia annua ilifanya vizuri mara moja, kisha majaribio yaliyofuata yakaanguka. Watafiti wengi wangeuacha mmea hapo. Tu alirudi kwenye maandishi ya Ge Hong na kuona jambo lililokuwa wazi muda wote: tiba nyingi za mitishamba huchemshwa, lakini hii ililowekwa tu. Huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akabadili njia na kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto zipatazo 35 tu, kisha akaondoa sehemu ya dondoo yenye asidi, iliyokuwa na sumu. Oktoba 1971 sampuli namba 191 ilimaliza vimelea vyote kwa panya, na baadaye kwa nyani.

Kabla mgonjwa yeyote hajapewa, Tu na wenzake waliimeza wenyewe wakiwa chini ya uangalizi hospitalini. Wagonjwa wa kwanza walitibiwa mwaka 1972 katika kisiwa cha Hainan, na mwaka huohuo kiini chenyewe kikapatikana kikiwa fuwele safi. Kuanzia hapo kiliweza kupimwa kwa miligramu, jambo ambalo jani haliwezi kulitoa. Mwaka 2015 Tu Youyou alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Inavyofanya kazi mwilini

Kimelea cha malaria hujificha ndani ya chembe nyekundu ya damu na kula hemoglobini iliyomo. Mabaki ya mlo huo yana madini ya chuma. Molekuli ya artemisinini ina atomu mbili za oksijeni zilizoshikana kama daraja. Ikikutana na chuma hicho, daraja huvunjika na kuzaa vipande vikali vinavyounguza protini za kimelea. Kwa hiyo dawa huamshwa na ulafi wa kimelea chenyewe.

Nguvu yake ni ya haraka kuliko ya dawa nyingine za malaria, na homa hushuka mapema. Lakini nayo huondoka mwilini haraka, ndani ya saa chache. Ikitumika peke yake kwa siku chache, vimelea vilivyobaki huongezeka tena. Ndiyo maana mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilishauri iunganishwe na dawa ya pili inayokaa mwilini kwa siku nyingi. Tanzania ilianza kutumia dawa mseto ya ALu mwaka 2006. Kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 20 za artemetha, inayotengenezwa kutokana na artemisinini, na miligramu 120 za lumefantrini. Dozi humezwa mara sita kwa siku tatu: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mtu mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi humeza vidonge vinne kila mara. Chakula chenye mafuta, hata yakiwa kidogo, au maziwa huusaidia mwili kuipokea lumefantrini. Anayeacha siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka amepata kazi ya artemetha tu. Lumefantrini haijapewa nafasi ya kumaliza yake.

Kwa malaria kali hutumika sindano ya artesuneti, ambayo nayo hutengenezwa kutokana na artemisinini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, ulionyesha kwamba vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti na asilimia 10.9 kwa waliopewa dawa ya zamani, kwinini.

Chai ya majani

Swali huulizwa mara nyingi: kama dawa imetoka kwenye jani, kwa nini jani lisinywewe? Swali ni la haki na limechunguzwa. Katika jaribio lililofanyika Kongo na kuchapishwa mwaka 2004, asilimia 74 ya waliokunywa chai ya Artemisia annua walikuwa wamepona baada ya siku saba, dhidi ya asilimia 91 ya waliopewa kwinini. Katika wiki zilizofuata, malaria iliwarudia wengi wa kundi la chai. Kiini kilikuwemo kikombeni, lakini kwa kiasi kisichotosha. Aidha, kiasi hicho hubadilika kulingana na mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Chai hupunguza vimelea, humpa mgonjwa nafuu ya uongo, na huviacha hai vile vinavyoistahimili. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya majani kutibu au kukinga malaria.

Usugu

Dalili za vimelea kuondoka damuni polepole baada ya artemisinini zilionekana kwanza magharibi mwa Kambodia, mwishoni mwa muongo wa 2000. Mwaka 2014 mabadiliko yanayosababisha hali hiyo yalitambuliwa katika jeni iitwayo kelch13. Miaka michache baadaye mabadiliko ya aina hiyo yalithibitishwa Rwanda na Uganda, na kisha mkoani Kagera, Tanzania. Usugu huu ni wa sehemu: dawa mseto bado hutibu pale dawa mwenza inapokuwa na nguvu. Ikianguka na hiyo, hakuna kitakachobaki cha kumalizia kazi. Kwa hiyo michanganyiko ya dawa tatu inafanyiwa majaribio. Wakati huohuo, matone ya damu ya wagonjwa hukaushwa kwenye vikaratasi na kupelekwa maabara, ambako jeni hiyo husomwa ili kujua mabadiliko yamefika wapi.