Chuoni: Kundi au Kichwa Chako?

Je, wewe wa Buzebazeba una ndoto ya kufika chuo kikuu? Basi stori umezisikia: "Bila kundi utaonekana mshamba!" Hebu tuone.

UVUMI: Makundi ya siri ni utani tu.

UKWELI: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na kundi la siri lililojiita Mzee Punch. Lilibandika ukutani michoro ya kudhalilisha, hasa ya wasichana waliowakataa wavulana. Aliyechorwa alitengwa, wenzake waliogopa hata kukaa naye, wasije wakachorwa wao. Februari 1990, mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Huo si utani, ni unyanyasaji.

UVUMI: Basi makundi yote ni mabaya.

UKWELI: La! Vikundi vya michezo, dini na kujisomea vinawasaidia wengi.

JIPIME: Ukisema "hapana", wenzako wanakuacha kwa amani? Mwenzako akitengwa, utakwenda kukaa naye?

Ukiandamwa, usinyamaze. Mwambie mwalimu, mzazi au mtu mzima unayemwamini. Kosa si lako.