Maumivu ya Mguu kwa Mwenye Mgongo Uliopinda

*Nina miaka 46, mgongo wangu umepinda tangu utotoni. Sasa maumivu yanashuka kutoka tako hadi unyayo. Nifanyeje?*

Neva ya siatiki, nene kuliko zote mwilini, huundwa na mizizi inayotokea kiunoni, nayo hushuka mguuni. Mgongo uliopinda huweza kubana matundu inamopita mizizi hiyo, hasa upande wa ndani wa pindo. Mguu huuma, kumbe chanzo ni kiuno. Mara nyingi maumivu hupungua ndani ya wiki chache. Kushinda kitandani huchelewesha nafuu. Kutembea kidogo kidogo hufaa zaidi, na usiku mto katikati ya magoti hutuliza kiuno. Mtaalamu wa fiziotherapia hupanga mazoezi kulingana na pindo lenyewe. Ganzi sehemu za siri, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, mguu kulegea: hiyo ni dharura, hospitali mara moja.