Kungoja Matokeo Bila Kuungua Moyo

Wakenya walipiga kura Jumanne, tarehe 9 Agosti 2022, na mshindi wa urais akatangazwa Jumatatu, tarehe 15. Siku hizo za katikati, nchi nzima ilikuwa roho juu. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilikuwa imeweka kwenye mtandao picha za fomu za matokeo, ziitwazo 34A, kutoka vituo zaidi ya 46,000, na kila mwenye simu na kikokotoo akajiteua afisa wa kujumlisha kura. Runinga nazo zilikuwa na hesabu zake. Stesheni moja ilionyesha mgombea huyu yuko mbele. Ukibadilisha, unakuta mwenzake ndiye anayeongoza, kwa sababu kila chombo kilianza na rundo lake la fomu. Mchana mtu aliweza kulielewa jambo hilo. Saa nane za usiku, macho yamekuwa mekundu na usingizi umetoroka, tofauti hiyo hiyo ilifanana na wizi.

Makala haya ni ya wale wanaojua hali hiyo na hawataki kuipitia tena vile vile. Hayatakuambia uache siasa. Anayekuambia uache siasa ili upate amani anakushauri uwaachie wengine bei ya unga, karo ya watoto na barabara ya kijijini kwenu. Swali langu ni dogo kuliko hilo: mtu afanyeje ili afuatilie mambo ya nchi yake na bado ale, alale, acheke na wanawe na asalimiane na jirani?

Tuanze na mwili, maana ndiko dhoruba inakotua kwanza. Unapokutana na hatari, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukazana, na tumbo huacha kazi yake ya kusaga chakula. Maandalizi hayo yanafaa sana kwa mtu anayekimbizwa na nyati, kwa sababu baada ya dakika chache ama ameokoka ama mambo yamekwisha. Tatizo ni kwamba mwili huandaa vita ile ile hata pale ambapo hatari yenyewe ni ujumbe wa sauti uliotumwa na shemeji kwenye kundi la WhatsApp. Siku sita za kukaa hivyo, tumbo joto asubuhi hadi usiku, zinatosha kumchosha mtu mzima wa afya.

Kwa Wakenya wengi kuna zaidi. Matokeo ya urais ya mwaka 2007 yalitangazwa jioni ya tarehe 30 Desemba, na katika wiki zilizofuata watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Aliyekuwa na miaka kumi wakati ule ni mtu mzima leo, na huenda ana watoto. Akisikia kelele za ushindi mtaani, mwili wake unakumbuka kabla yeye hajakumbuka. Ndiyo maana wito wa "tulieni" kutoka jukwaani hausaidii sana. Utulivu una njia yake, na njia hiyo watu hujifunza.

Njia ninayoizungumzia huitwa uzingativu: kuweka fikira kwa makusudi kwenye kile kinachotokea sasa hivi, ndani yako na mbele yako, bila kukipiga vita na bila kukikimbia. Wako wanaodhani ni starehe ya watalii kwenye hoteli za ufukweni. Historia yake inasema vingine. Mtawa wa Kibudha wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliwafundisha vijana wa kujitolea waliokuwa wakijenga upya vijiji vilivyopigwa mabomu katikati ya vita. Kwa kuwa alikataa kuunga mkono upande wowote, alizuiwa kurudi kwao tangu 1966 hadi 2005. Mwaka 1974, akiwa uhamishoni Ufaransa, aliwaandikia vijana hao barua ndefu ya kuwafundisha namna ya kupumua, kuosha vyombo na kutembea bila kupoteza akili zao. Barua hiyo baadaye ikawa kitabu kinachosomwa duniani kote. Huko Marekani, Jon Kabat-Zinn aliyachukua mazoezi ya aina hiyo mwaka 1979, akayaingiza katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts kama kozi kwa wagonjwa wenye maumivu na msongo, bila kuyafunga kwenye dini yoyote.

Msomaji Mwislamu anayetawadha polepole, akiyasikia maji yanavyopita kwenye viganja na viwiko, tayari anaijua nusu ya somo. Vivyo hivyo Mkatoliki anayesali rozari bila kuikimbiza. Uzingativu haushindani na sala, na kama una sala yako, hapo ndipo pazuri pa kuanzia.

Zoezi la kwanza ni pumzi, nalo ndilo ningelichagua kama ningeruhusiwa moja tu. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Mwenye wasiwasi huzidisha, tena kwa kifua peke yake. Mapigo ya moyo hupungua kidogo kila unapotoa pumzi, kazi inayofanywa na neva ya vagasi inayoteremka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni. Kwa hiyo ukirefusha utoaji, unaugusa moyo kwa njia halali. Kaa au simama wima. Weka kiganja juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu moja hadi nne, mpaka kiganja kisukumwe mbele. Itoe taratibu ukihesabu hadi sita, kama mtu anayepoza uji kijikoni. Rudia kwa dakika tano. Fikira zitatoroka, zitaenda Bomas kwenye ukumbi wa kujumlisha kura, zitaenda kwa jirani aliyebandika bango la mpinzani wako. Zikitoroka, zirudishe kwenye kiganja bila kujilaumu. Huko kuzirudisha ndiko mazoezi yenyewe, na anayezirudisha mara hamsini hajashindwa kitu.

Uzuri wa zoezi hili ni kwamba halihitaji mkeka, muziki wala intaneti. Unaweza kulifanya ukiwa kwenye foleni ya kupiga kura, na hakuna atakayejua. Hilo la intaneti nalitaja kwa makusudi. Uganda iliizima katika uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ikakumbwa na hali hiyo hiyo siku ya kura, tarehe 29 Oktoba 2025, huku Dar es Salaam ikitangaziwa amri ya kutotoka nje. Anayetegemea programu ya simu imtulize, siku simu ikinyamaza atatulizwa na nani?

Baada ya pumzi, kuna suala la mawazo. Wakati wa uchaguzi kichwa hugeuka stendi ya matatu, na kila wazo ni makanga anayekuvuta mkono: wameiba, tutapigwa, nchi imekwisha, panda twende! Huna uwezo wa kuwanyamazisha makanga. Una uwezo wa kutopanda. Liite wazo au hisia kwa jina lake, kimoyomoyo: "hii ni hofu", "hii ni hasira", "hili ni wazo kwamba wameiba". Unaweza kuona ni mchezo wa watoto, lakini watafiti wa chuo kikuu cha California mjini Los Angeles, wakiongozwa na Matthew Lieberman, walionyesha mwaka 2007 kwamba watu wanapoitaja hisia wanayoiona kwa neno, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari hupunguza kelele. Ukishasema "hii ni hofu", unaweza kujiuliza swali la pili: je, kuna la kufanya sasa hivi? Likiwepo, lifanye. Lisipokuwepo, rudi kwenye kiganja chako.

Sasa simu, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndiyo inayotumaliza.

Baada ya mlipuko wa mabomu katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2013, watafiti wa Marekani waligundua jambo la kushangaza. Watu waliotumia saa sita au zaidi kwa siku kutazama na kusoma habari za tukio hilo katika wiki iliyofuata walikuwa na dalili kali zaidi za mfadhaiko kuliko watu waliokuwapo kwenye tukio lenyewe. Aliyekuwapo alikiona kitisho mara moja. Aliyekaa na kioo alikiona mara mia.

Dawa yake si kuitupa simu. Tumia kalenda. Sheria ya Kenya imeweka muda kwa kila hatua: tume lazima itangaze matokeo ya urais ndani ya siku saba tangu siku ya kura, anayepinga ana siku saba za kwenda Mahakama ya Juu, mahakama ina siku 14 za kuamua. Jumla ni siku 28. Mwaka 2022 uamuzi ulitoka tarehe 5 Septemba, siku 27 baada ya kura. Mwaka 2017 uchaguzi ulifutwa tarehe 1 Septemba, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, na hapo subira ikazidi. Anayejua hesabu hii hukaa kwa subira ya safari ndefu. Hakuna abiria wa Mombasa anayesimama mlangoni mwa basi tangu Nairobi.

Kwa hiyo panga nyakati mbili za habari kwa siku, tuseme saa saba mchana na saa moja jioni, nusu saa kila moja, kutoka kwa chombo unachokiamini. Zima arifa. Makundi yale ya kelele yaweke kimya. Kuwa kimya hakukutoi kwenye ukoo. Usiku simu ilale chumba kingine, na kama ndiyo saa yako ya kukuamsha, nunua saa ya mezani. Ujumbe wenye alama ya kusambazwa mara nyingi uchukulie kama maji ya mtaroni mpaka uthibitishwe.

Na kabla hujajibu au kusambaza ujumbe uliokupandisha mori, vuta pumzi tatu zile za nne kwa sita. Tatu tu. Ukimaliza na bado unaona unafaa kutumwa, utume. Mara nyingi utaona aibu kwa ulichokuwa umeandika. Tena kuna hasara nyingine: chini ya sheria ya uwiano na utangamano ya mwaka 2008, anayetiwa hatiani kwa matamshi ya chuki ya kikabila anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja, kufungwa hadi miaka mitatu, au yote mawili. Pumzi tatu ni nafuu.

Nyumbani kuna kazi nyingine, kwa sababu wagombea hushikana mikono baadaye, na ndugu waliorushiana maneno hubaki wameinamia sahani bila kuongea. Kubalianeni saa ya chakula isiwe na siasa. Baba mkwe akianza, mwachie heshima yake: "Nimekusikia, baba. Tukimaliza kula utanieleza." Kisha msikilize kweli, ukiangalia uso wake badala ya kupanga jibu.

Furaha nayo ni haki yako, hata katika juma baya. Wengi huona haya kucheka nchi ikiwa na wasiwasi, kana kwamba kununa ni mchango kwa taifa. Mimi siamini hivyo. Barazani Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, chukua kikombe kile kidogo cha kahawa chungu. Kabla ya kunywa, kisikie joto lake kwenye ncha za vidole. Vuta harufu ya tangawizi. Kunywa funda moja, liache likae ulimini mpaka uchungu ulegee, ndipo umege kashata. Muda wote huo usiseme neno na usiguse simu. Kwa dakika mbili utakuwa mahali ulipo, na wazee wanaocheza bao pembeni utawasikia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Bara, chai ya maziwa itafaa vile vile.

Yako mambo ambayo uzingativu hauyawezi. Hauzuii mawe. Kama unaishi mahali penye historia ya vurugu, weka akiba ya chakula na maji, chaji simu, weka vyeti na dawa pamoja, na kubalianeni mapema mtakimbilia wapi. Akili iliyotulia hupanga haya vizuri zaidi. Pili, wapo waliopitia mabaya ambao wakifumba macho na kufuata pumzi huzidiwa na kumbukumbu. Kama ni wewe, usijilazimishe. Acha macho wazi, kanyaga sakafu kwa nguvu, taja vitu vitano unavyoviona chumbani. Na kama umekosa usingizi au hamu ya kula kwa zaidi ya wiki mbili, au umeanza kufikiria kujidhuru, hapo panahitaji mtaalamu, wala hilo la kujidhuru halingoji wiki mbili. Shirika la Msalaba Mwekundu nchini Kenya lina laini ya msaada wa kisaikolojia isiyo na malipo, nambari 1199.

Kwa katiba, uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Kozi ya Kabat-Zinn huchukua wiki nane, na wiki nane kabla ya siku hiyo ni tarehe 15 Juni. Wakati huo kampeni zitakuwa zimeshika kasi na mabango yamefunika kuta, kwa hiyo usingoje mpaka Juni. Anza na dakika tano usiku wa leo.