Baraza la Waya: Ketini Wawili Mhesabu



Katika Luka 14:28-30 Bwana wetu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara bila kuketi kwanza kuhesabu gharama. Sisi wa Mnarani, wenye magofu na kaburi lake la mnara, hatuna udhuru wa kulisahau fundisho hilo. Kwa baadhi ya familia mnara wao ni baraza la mbele lililozungushiwa waya wa mbu.

Ni jambo jema. Lakini mara nyingi baba huuliza bei ya waya dukani, akaridhika, akamwita fundi. Waya ndio kitu kidogo! Baraza la futi 12 kwa 8 lina pande tatu za wazi, jumla futi 28. Ukitoa mlango wa futi 3, zabaki 25 za waya. Bado sakafu, ukuta mfupi wa mawe, nguzo, mbao za fremu, paa, mlango unaojifunga wenyewe na malipo ya fundi. Tena hewa ya chumvi hula waya wa chuma upesi. Wa alumini au wa plastiki hauli kutu. Makuti nayo yatataka kuezekwa upya baada ya miaka michache, na gharama hiyo haimo katika karatasi ya fundi.

Hapo mama asinyamazishwe. Yeye mara nyingi ndiye ajuaye ada ya muhula na deni la duka. Huenda akasema, "Baba watoto, kwanza tuzibe mwanya wa juu ya ukuta." Ana haki. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, watu wamelala, na hupenya kati ya ukuta na paa. Utafiti wa vyandarua vyenye dawa uliofanywa hapa Kilifi kati ya 1993 na 1995 ulionyesha vifo vya watoto wadogo vikipungua kwa karibu theluthi moja. Baraza halishiki nafasi ya chandarua. (Wapo pia akina mama wanaolitaka baraza kwa sababu jirani analo.)

Mume anayesema "fedha ni jasho langu" hakusema hivyo mbele ya altare. Na mkopo wa siri huvunja nyumba kabla baraza halijasimama.

Jioni moja wiki hii, salini, kisha mchukue daftari na mjibu pamoja: Fedha zikiisha kabla ya paa, tutaacha nini? Je, kuna deni ambalo mmoja wetu hajamwambia mwenzake?